Nyumba ya Miti na Haki ya Msitu

Mtu apitaye katika nyumba za mawe za Unguja, Lamu au Pate, akapima kwa hatua vyumba virefu vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine, ataona kwamba aghalabu upana wa chumba hauzidi mita 3, iwe mwenye nyumba alikuwa tajiri wa misafara au mchuuzi wa kiasi. Sababu ya upana huo haikutoka katika mali ya mjenzi wala katika hiari yake. Ilitoka katika mikoko ya horini, kwa kuwa dari ilichukuliwa na boriti, na boriti iliyonyoka, yenye nguvu ya kubeba mzigo wa mawe na chokaa, ni shida kupatikana kwa urefu uzidio huo. Hivyo mti ndio uliomwekea mwashi mpaka, naye akaukubali, akatimiza ndani ya mpaka huo sanaa ambayo mataifa mengine husafiri kuja kuitazama.

Ujenzi wenyewe ulikuwa hivi. Boriti zililazwa kwa nafasi zilizo sawa kutoka ukuta hadi ukuta, vichwa vyake vikazikwa ndani ya unene wa kuta. Juu yake yakapangwa matumbawe yaliyochaguliwa kwa ubapa wake. Kisha ikamwagwa kokoto pamoja na chokaa iliyochomwa tanuuni, na watu wakaitwanga kwa vigongo, huku wakiimba, mpaka ikashikamana na kuwa sakafu ya ghorofa ya juu. Katika majumba ya wakubwa boriti zilichongwa pembe nne na kupakwa rangi. Penye dari iliyoanguka leo, ukiokota kipande cha boriti iliyovunjika, mara nyingi utaona kuwa katikati ni kizima, chekundu na kigumu, na kwamba kilichooza ni kichwa chake tu, mahali pale kilipozikwa ukutani, ambapo mvua iliyopenya katika paa bovu ilikaa bila ya kupata upepo wa kuikausha. Kipande hicho kina elimu kubwa kwa anayetaka kujua kama mti wafaa kujengea, nasi tutakirudia.

Wakataji wa Lamu waliuza miti yao kwa unene: fito za kujengea kuta za udongo, pau za kuezekea, mazio, boriti za dari, nguzo, na banaa inayozipita zote, na hesabu yake ilikuwa kwa korija, miti 20 kwa kila korija moja. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, yakileta tende, chumvi na papa mkavu, yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za delta ya Rufiji, zikaenda kuezeka nyumba za Omani, Bahrain na Kuwait, nchi zenye mawe na udongo tele lakini zisizo na miti. Na huko nako upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti ya Afrika Mashariki. Biashara hii ni ya kale mno. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba majumba ya bandari ya Siraf, katika pwani ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji.

Sasa, msitu uliwezaje kutoa miti karne baada ya karne na usiishe? Jawabu limo katika zile daraja za unene. Mkataji aliyeagizwa boriti aliingia mkokoni akachagua boriti, akaiacha fito ikue iwe pau, na pau iwe mazio. Na miti mikubwa iliyopinda, ambayo haikumfaa, ilibaki ikizaa. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikaning'inia chini ya tawi ikiwa ndefu na imechongoka, na inapoanguka hujichoma topeni au huchukuliwa na maji kwenda kuota kwingine. Basi penye wazazi waliosalia, watoto hawakosekani. Lakini mkoko ukikatwa shina hauchipui tena, tofauti na mchu, mti mwingine wa horini, ambao huweza kutoa machipukizi. Kwa hiyo pale ambapo tamaa ilishinda adabu, na eneo zima likafyekwa bila kubakizwa mti wa kuzaa, tope lilibaki wazi juani, chumvi ikazidi, na msitu haukurudi kwa wepesi. Uharibifu wa namna hiyo, pamoja na upungufu wa miti kwa wenyeji wenyewe, ndio uliofanya Kenya ipige marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, wakati ambapo nchi za Ghuba, zilizotajirika kwa mafuta, zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye saruji na nondo.

Nasi pia tumehamia huko. Ni nani asiyeiona saruji kuwa ndiyo dalili ya maendeleo, na nyumba ya miti kuwa ndiyo dalili ya ufukara? Saruji ina fadhila zake ambazo haifai kuzikana: haiogopi mchwa, hustahimili maji, na msingi wake hauna mshindani. Hata hivyo gharama yake kwa dunia ni kubwa. Ili ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na mbali na moshi wa kuni au makaa yaliyochoma tanuri hilo, jiwe lenyewe hutoa hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Yaani hata kama moto ungetoka kwenye jua tupu, hewa hiyo ingepanda vilevile. Wataalamu hukadiria kwamba saruji peke yake huchangia asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na kazi za wanadamu, hewa ambayo kuzidi kwake ndiko kunakoivuruga mvua ya mkulima na kuinua bahari dhidi ya kuta za miji ile ile ya pwani tunayoisifu.

Mti hufanya kinyume. Unapokua huivuta hewa hiyo kwa majani, ukaibakiza kaboni yake na kuifanya kuwa mwili wake, hata nusu ya uzito wa ubao mkavu ikawa ni kaboni tupu. Boriti kavu yenye kilo 100 ina kilo 50 hivi za kaboni, ambazo mti ulizitoa katika kilo 183 za hewa ukaa. Na muda wote boriti hiyo inapokaa darini, ikiwa ni miaka 50 au 200, mzigo huo hauko angani. Lakini faida hii ina masharti yake, na asiyeyataja hudanganya. Sharti la kwanza ni kwamba badala ya mti uliokatwa uote mwingine. La pili ni kwamba ubao udumu nyumbani angalau kadiri mti mpya unavyohitaji kukua. La tatu ni kwamba msitu usiharibiwe udongo wake, kwa sababu katika mikoko hasa, kaboni iliyozikwa topeni kwa karne nyingi huwa ni nyingi kuliko iliyomo mashinani. Masharti haya yakivunjwa, mbao huwa ni hasara iliyopambwa jina zuri.

Watu wana hoja dhidi ya mti, na hoja hizo zastahili majibu. Wa kwanza husema kwamba mti huoza. Hapo ndipo turudipo kwenye kipande cha boriti. Uozo ni kazi ya kuvu, viumbe vidogo vinavyoula ubao, navyo havistawi ila vipate unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao ukiwa na unyevu usiofikia asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hushindwa. Na ubao uliozama kabisa majini nao hudumu, kwa kuwa hewa haipo. Ndiyo maana nguzo ya nyumba ya udongo huoza pale pale inapotokea ardhini, ambapo unyevu na hewa hukutana, ilhali juu yake na chini yake ni nzima. Mjenzi mwenye maarifa huisimamisha nguzo juu ya jiwe au zege, hulitoa paa nje ya ukuta ili mvua isipige mbao, na huacha njia ya upepo kwenye vichwa vya boriti. Hekalu la Horyu-ji huko Nara, Japani, limesimama kwa mbao zaidi ya miaka 1,300 katika nchi yenye mvua nyingi, kwa kufuata kanuni hizo na kwa kubadilishwa kila kipande kilichochakaa.

Wa pili husema kwamba mti huungua. Ni kweli, na fito huungua upesi. Lakini boriti nene, moto unapoishika, hujivika gamba la mkaa ambalo huukinga moyo wake, na moto huendelea kuingia kwa kadiri ya milimita 0.7 tu kwa dakika. Nusu saa ya moto hula sentimita 2 hivi kila upande, na mhandisi aweza kuliweka jambo hilo katika hesabu yake tangu mwanzo. Chuma, kisichowaka, hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kikifika joto la nyuzi 600 hivi, kikapinda na kuangusha paa bila ya onyo refu. Mchwa ni adui wa tatu, na dawa yake ni kuchagua mti mgumu kama mninga, mvule au mbambakofi, kutumia moyo wa mti na kuiacha sehemu nyeupe ya nje, au kutia dawa mbao laini kabla ya kuzipandisha.

Zaidi ya hayo yote ipo kazi ambayo mafundi wengi wa leo huiruka, nayo ni kukausha. Ubao umefumwa kwa nyuzi zenye uwazi ndani mfano wa mirija, na mti mbichi huijaza maji mirija hiyo na kuta zake. Maji ya ndani ya mirija yakitoka, ubao hubaki na umbo lake. Yale ya kwenye kuta yakianza kutoka, ndipo unaposinyaa, tena husinyaa kwa kuizunguka pete ya mti karibu maradufu ya jinsi unavyosinyaa kuelekea moyoni. Basi ubao uliopigiwa misumari ukiwa mbichi utapinda na kupasuka baada ya nyumba kuhamiwa, na kenchi zitaachia viungo. Aliyestahi kazi yake huzipanga mbao kivulini, mbali na udongo, akiweka vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu ili upepo upite, akapaka rangi vichwani visikauke kwa haraka, akangoja. Subira hiyo ya miezi michache ndiyo tofauti kati ya paa la miaka 10 na paa la vizazi.

Ulaya na Amerika wameurudia mti kwa hima. Tangu miaka ya 1990, huko Austria na Ujerumani, mbao nyembamba zilianza kugundishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama na jenzake, zikawa kuta na sakafu nzima zenye nguvu ya kubeba ghorofa. Mwaka 2019 Norway ilikamilisha jengo la Mjøstårnet, lenye urefu wa mita 85.4 na ghorofa 18. Mwaka 2022, huko Milwaukee, Marekani, likafuata jengo la Ascent lenye ghorofa 25, za chini zikiwa za zege na za juu za mbao. Sisi hatuna haja ya kushindana kwa minara. Haja yetu ni nyumba za wastani, shule na zahanati kwa miji inayokua kila siku, na kwa hizo tunayo miti ya kutosha ikiwa tutaitunza.

Katika nyanda za Mufindi, msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulioanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1930, leo ndio mkubwa kuliko yote ya serikali ya Tanzania, na misindano yake huijaza Dar es Salaam mbao za paini. Msaji ulipandwa na Wajerumani Dar es Salaam na Mhoro, Rufiji, mwaka 1898, na baadaye ukastawi Longuza na Mtibwa. Na kwa misitu ya asili, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanakijiji haki ya kuumiliki msitu wao na kufaidi mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC, chombo cha kimataifa cha kuthibitisha uvunaji mwema, kikiwa cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaotunzwa na wanakijiji. Waliokipata walifanya lile lile walilolifanya wakataji wa boriti wa zamani: walihesabu miti yao, wakaweka kiwango cha unene, wakakata kilichokomaa na kuacha kilichobaki. Tofauti ni kwamba sasa hesabu imeandikwa, na mnunuzi aweza kuiuliza.

Basi na aiulize. Mjenzi akiingia kwenye duka la mbao asikomee kwenye bei. Aulize mbao imetoka msitu gani, ina hati gani ya uvunaji, imekaushwa kwa muda gani, imetiwa dawa au haikutiwa, na akikosa jawabu aende duka la pili. Vyuo vya ufundi vifundishe kukausha na kuunga mbao kwa bidii ile ile vinayofundisha kuchanganya zege, na serikali, ambayo ndiyo mjenzi mkubwa kuliko wote, iandike katika mikataba ya shule zake kwamba mapaa na dari ziwe za mbao kavu zenye asili inayojulikana. Msingi na ubaki wa mawe na saruji, maana kila kitu kina mahali pake. Lakini juu ya msingi huo mti una haki ya kurudi, na msitu una haki ya kuulizwa kabla haujakatwa. Pwani ilikwisha kujenga miji mizima kwa kuzitimiza haki hizo mbili, na ikaona hasara ilipoivunja moja; elimu tunayo, na kilichobaki ni nia ya kuitumia.