Mguu Usiosikia Moto

Ninaye swahiba wangu, mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyehamia Meru yapata miaka thelathini iliyopita kwa biashara ya miraa. Huko alioa, akajenga Majengo, na Kimeru akakijua hata vitendawili vyake. Niliposikia kwamba amekatwa mguu sikushangaa sana, kwani ni nani katika sisi watu wa pwani asiye na jamaa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari? Kilichonishangaza ni namna yenyewe. Niliambiwa kwamba aliuweka mguu juu ya jiko la makaa, ukaungua, naye hana habari.

Msomaji aliyezoea joto letu huenda asiielewe baridi ya Meru mwezi wa Julai. Ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya tangu alfajiri, jua halionekani mpaka mchana, na watu wazima hukaa wameuzunguka moto kama watoto. Rafiki yangu aliketi kitini baada ya magharibi, miguu ameielekeza jikoni, akizungumza na wageni wake. Aliyesikia harufu ya ngozi ni mkewe, aliyekuwa chumba cha pili. Alipokuja mbio kidole gumba kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi, na mwenye kidole anacheka na wageni.

Nikafunga safari kwenda kumjulia hali. Kutoka Nairobi njia hupita Thika, ikapanda mpaka Embu, halafu Runyenjes, Chuka na Nkubu, ukiuzunguka mlima kwa upande wa mashariki. Ni nchi ya neema, chai na kahawa na migomba mpaka kingo za barabara, na hospitali zake si haba. Ya Chogoria, ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Meru, ilianzishwa na tabibu wa misheni ya Kiskoti, Dokta Irvine, mwaka 1922. Wakatoliki wana yao Nkubu, Wamethodisti wana yao Maua, na serikali ina zake Meru na Embu. Nayasema haya ili isidhaniwe kwamba rafiki yangu aliungua kwa kukosa tabibu. Matabibu walikuwapo. Jambo lililomzuia kwenda kwao ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Usiku wa kwanza alinieleza habari ya mguu. Usiku wa pili, baada ya isha, mkewe alipokwenda kulala na sisi wawili tukabaki na kahawa yetu, alinieleza habari ya chumbani.

"Ndugu yangu," aliniambia, "huu mguu umekwenda mwaka huu. Lakini mimi nilikwisha kufa zamani. Miaka sita nyuma."

Nilimwelewa, naye alijua kwamba nimemwelewa. Nguvu za kiume zilikuwa zimemtoka. Mwanzoni alidhani ni uchovu wa safari za Maua na Laare. Baadaye alimshuku mshirika wake wa biashara kwamba amemfanyia kitu, kwani waligombana kwa hesabu. Alikwenda kwa waganga wawili, mmoja wa Tharaka na mmoja aliyemfuata mpaka Kwale. Alinunua unga wa mizizi sokoni, akanunua na vidonge vya magendo visivyo na jina. Katika miaka yote hiyo alikuwa akiamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, kiu haimwishi, na nyayo zinamwaka usiku kama aliyekanyaga pilipili, mpaka moto huo ukapoa ukawa ganzi. Hakuna mganga aliyemuuliza habari ya mkojo wala ya nyayo. Naye hakumwambia tabibu hata mmoja habari ya chumbani, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, mtu mzima hasimulii hayo kwa kijana aliyevaa koti jeupe.

Kumbe mambo yote hayo yalikuwa ni moja.

Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka huharibu namna mbili za mishipa: ile midogo inayochukua damu, na ile ya fahamu inayochukua habari baina ya mwili na ubongo. Mishipa ya fahamu iliyo mirefu zaidi ndiyo hutangulia kuumia, na mirefu kuliko yote ni ile iendayo vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia huko, ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Sasa basi, tendo la ndoa kwa mwanamume ni kazi ya mishipa hiyo hiyo miwili, kwani fahamu hupeleka amri na damu ndiyo huitika. Ikiwa mjumbe amelemaa na njia imeziba, mapenzi na nia tupu havifai kitu. Na kwa kuwa mishipa ya damu ya mahali hapo ni myembamba kuliko ile ya moyo, aghalabu hiyo ndiyo huziba kwanza. Matabibu wa leo husema kwamba mwanamume anayeanza kushindwa chumbani apimwe sukari, presha na moyo, kwa sababu huenda hiyo ikawa kengele inayolia miaka kadhaa kabla ya ugonjwa wa moyo kujitokeza. Wanaume wenye kisukari wanaopatwa na jambo hili ni zaidi ya nusu yao. Rafiki yangu alikuwa mmoja katika umati mkubwa, naye akijiona yu peke yake duniani.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun ameeleza maradhi haya, na miongoni mwa alama zake ametaja kupungua kwa nguvu za jimai na kuoza kwa viungo. Yaani mguu na kitanda vimetajwa pamoja na tabibu wa Kiislamu karibu miaka elfu iliyopita.

Mambo ya namna hii wanavyuoni wetu hawakuyaonea haya. Katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tumeisoma, iko milango ya mume asiyeweza. Mke akishtaki, kadhi humpa mume muhula wa mwaka mzima, ili zimpitie nyakati zote nne, za joto na baridi, ukavu na umajimaji, ionekane kama hali yake itabadilika. Hukumu hiyo ni ya mume ambaye hajapata kumwingilia mkewe huyo, kwa hiyo haimhusu mtu wa ndoa ya miaka ishirini. Lakini tazama fikira iliyomo. Wale mafakihi waliliona jambo lenyewe kuwa ni la mwili, linaloweza kuchunguzwa na kungojewa. Wangeliona ni aibu tu wasingehangaika na majira.

Shemeji yangu, mkewe rafiki yangu, ni Mmeru wa Nkubu aliyesilimu alipoolewa. Asubuhi ya kuondoka kwangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia maneno machache kwa staha, macho yako chini.

"Shemeji, mimi nilirudi kwa mama miezi minne. Alikuwa amehamia chumba cha wageni, haniambii kwa nini. Nikimletea maji ya kuoga anafoka. Nilidhani ana mke mwingine Maua. Yeye naye alidhani mimi nina mtu. Daktari alipotueleza sote wawili pamoja, nililia, si kwa ajili ya ugonjwa. Ni ile miaka."

Nilimkumbuka Nabii Ayubu, alaihi salaam. Chuoni tulifundishwa subira yake, na Waswahili tuna Utenzi wa Ayubu unaosimulia masaibu yake na uaminifu wa mkewe. Lakini walimu wetu walipita haraka mahali pamoja. Katika ugonjwa ule Nabii aliapa kumpiga mkewe, yule yule aliyemhudumia watu wote walipomkimbia, mpaka Mola akampa njia ya kukitimiza kiapo kwa shada la majani asimuumize. Nikiwa mtoto niliona ni kisa cha kiapo tu. Sasa naona kwamba hata nyumba ile tukufu maradhi marefu yaliingia baina ya mume na mke.

Njiani kurudi nilishukia Embu na kulala siku mbili kwa jamaa yangu. Huko nilizungumza na muuguzi mmoja mwanamke, mtu mzima, anayehudumu katika klinki ya kisukari, akanitoa ujinga katika mambo mawili.

La kwanza ni la wanawake. Nilidhani habari hii ya chumbani ni ya wanaume peke yao. Alinicheka. Mwanamke mwenye kisukari naye hupungukiwa na hamu, hupata ukavu na maumivu, na zaidi ya hayo hupatwa na muwasho wa fangasi unaorudi kila ukitibiwa, kwa kuwa fangasi hupenda sukari. Mume asiyejua huona ule muwasho akasema mke ameleta ugonjwa wa zinaa. Aliniambia kwamba amewaona wanawake walioachwa kwa jambo ambalo tone moja la damu kidoleni lingelieleza.

La pili ni hili tunaloliita pepo. Mgonjwa anayejidunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kisukari, akikosa chakula, sukari yake huweza kushuka kupita kiasi. Hapo ubongo hukosa chakula chake. Mtu hutokwa na jasho la baridi, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka, hugombana na watu, pengine huanguka na kufurukuta. Mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, hali hii hupatikana sana kwa wanaofunga bila ya shauri la tabibu, na hali mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake kula. Sisi hukusanyika tukamsomea. Mimi ni mtu wa chuoni na sitasema watu wasisome. Lakini akiwa bado yu macho na aweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda kwanza, kisha isomwe hiyo Yasini huku akipata nafuu. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Nilimuuliza yule muuguzi habari ya huzuni, kwani swahiba wangu niliyemjua kwa maskhara yake alikuwa amenyamaza. Alinieleza kwamba wagonjwa wa kisukari hupatwa na huzuni nzito takriban mara mbili zaidi ya watu wengine. Mtu halali, au hulala mchana kutwa, hataki barza, hataki wajukuu, na mwisho huacha hata dawa zenyewe kwa kuwa haoni maana ya kuzimeza. Huzuni hiyo ina matibabu yake. Ila sisi tukimwona mtu hivyo humwambia asubiri, na subira ya mtu aliyeacha dawa ni kidonda.

Kuna na jambo la miraa, na hapa najua nitachukiwa pande zote mbili. Sitaki kuingia katika ugomvi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka unaotoka Mbeere, na mahakama kuu ya Embu ikalisimamisha katazo. Wakulima wana watoto wa kusomesha, nasi tuna watoto wa kuokoa. Ninalosema ni kwamba kijana wa kwetu hula miraa akidhani inampa nguvu za ndoa, na huku anaisindikiza kwa soda na chai ya sukari usiku kucha, halali, na moyo unamwenda mbio. Swahiba wangu alikula ya kwake miaka thelathini. Sijui ni kiasi gani cha mguu wake kiliondoka na zile soda.

Dawa zipo, na si za kuonea haya. Vidonge vya kusaidia wanaume vilianza kuruhusiwa mwaka 1998, lakini huweza kumuua mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama zile zinazowekwa chini ya ulimi. Ndiyo sababu kuvinunua kwa kificho ni hatari. Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu. Mgonjwa akiona hivyo amwambie tabibu ambadilishie, asiziache kwa siri akaja kupata kiharusi. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Lakini wa kuonyeshwa lazima awepo: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu watu wazima 9 katika kila 10 wa Kenya walikuwa hawajapimwa sukari hata mara moja.

Mimi nimepimwa. Nina kisukari mwaka wa saba sasa, na hili sikuwa nimekusudia kuliandika. Yule muuguzi wa Embu alinitazama viatu, akaniuliza kama miguu yangu imepata kuangaliwa. Nikasema naiangalia mwenyewe ninapotawadha, mara tano kwa siku. Akasema hiyo ni bahati ya Waislamu, lakini kuangalia si kusikia. Akaniingiza kwa tabibu, kijana wa makamo ya mwanangu.

Alinilaza, akatoa uzi mgumu wa nailoni uliotiwa mpini, akaniambia nifumbe macho na niseme "naam" kila ninapohisi umenigusa. Mguu wa kulia nilisema naam, naam, naam. Akahamia wa kushoto. Nilingoja. Nje niliwasikia watu wakizungumza Kiembu, na gari likipiga honi. Nikamwambia, "Daktari, bado hujaanza?"

"Mzee," akasema, "nimeshagusa mara tatu."

Nilifumbua macho. Alikuwa anaandika. Nikamwomba, kama hataona uzito, ainuke akafunge mlango, kwani nilikuwa na swali la pili.