Ngumi na Hoja: Mvuto wa Filamu za Upelelezi za Enzi ya Malkia Victoria kwa Watazamaji wa Kasese na Bwera

Utangulizi

Filamu za upelelezi zina mashabiki wengi nchini Uganda, lakini hazipendwi zote kwa kiwango kimoja. Ile ambayo mpelelezi wake hukaa kitini akivuta kiko na kueleza mambo kwa saa nzima huwachosha watazamaji wa kibanda cha video. Ile ambayo mpelelezi wake hupigana, hukimbizwa, huruka dirishani, kisha mwishoni akafichua siri yote, huwakalisha watu hadi mwisho.

Mfano ulio wazi ni filamu ya Sherlock Holmes iliyotolewa mwaka 2009, pamoja na iliyoifuata mwaka 2011, Sherlock Holmes: A Game of Shadows. Zote mbili ziliongozwa na Guy Ritchie. Robert Downey Jr. aliigiza Holmes na Jude Law akaigiza rafiki yake, Daktari Watson. Mhusika mwenyewe ni wa zamani: Arthur Conan Doyle alimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887, wakati Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, alikuwa bado yuko kitini.

Makala haya yanaeleza kwa nini filamu za aina hii huvutia, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili magharibi mwa Uganda. Hoja yetu ni kwamba ngumi ndiyo humwingiza mtazamaji kibandani, lakini fumbo na ufumbuzi wake ndivyo huipa ngumi maana. Na ufumbuzi wa fumbo haufuatwi bila lugha.

Kibanda na msimulizi wake

Nchini Uganda ukumbi wa video huitwa kibanda, na wingi wake kwa matamshi ya Luganda ni bibanda. Mtu wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Ukumbi huo una televisheni, mabenchi, kiingilio kidogo, na mara nyingi una sauti ya msimulizi anayeitwa VJ. Msimulizi huyu haandiki tafsiri chini ya picha. Huzungumza juu ya sauti za waigizaji, akifasiri, akitania, akiwapa wahusika majina ya mtaani na kuwaonya watazamaji kwamba hatari inakuja.

Usimulizi mwingi wa aina hii hufanywa kwa Luganda. Mji wa Kasese na eneo la Bwera, hata hivyo, ni maeneo ya wasemaji wa Lukonzo. Kwa hiyo kijana wa Bwera anayetazama filamu ya Kiingereza iliyosimuliwa kwa Luganda hupokea hadithi kupitia lugha mbili, na huenda hakuna hata moja kati yake inayozungumzwa nyumbani kwao. Mapigano yatamfikia bila shida, kwa sababu ngumi haina lugha. Yatakayompita ni maelezo ya mpelelezi, yanayosemwa haraka haraka, na ambayo msimulizi naye mara nyingi huyafupisha ili awahi tukio lijalo.

Wapo watakaosema kwamba hilo si kitu, mradi watu wamefurahi. Uganda yenyewe ina filamu maarufu iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G., ikatolewa mwaka 2010 kwa jina la Who Killed Captain Alex? Jina lake ni swali la upelelezi: nani alimuua Kapteni Alex? Lakini filamu inakwisha bila swali hilo kujibiwa, na mashabiki hawalalamiki, kwa kuwa walifuata risasi na vichekesho. Filamu ya Holmes haiwezi kufanya hivyo. Humo kila pigo linalipa deni la fumbo fulani, na asiyelielewa fumbo ameona nusu ya filamu.

Kinachovutia

Sababu ya kwanza ya mvuto ni kwamba filamu hizi huifanya akili ionekane kwa macho. Katika filamu ya mwaka 2009 Holmes yumo ulingoni akipigana ngumi za kulipwa, na mpinzani wake anamtemea mate kisogoni. Kabla ya kurudisha pigo, picha zinapunguza mwendo na tunasikia mawazo yake: atarusha leso ili kuyapoteza macho ya adui, atazuia ngumi, atapiga sikio, atapiga mbavu, anakadiria hata muda ambao majeruhi atahitaji kupona. Kisha tukio lile lile linarudiwa kwa kasi yake ya kawaida, na kila kitu kinatokea kama kilivyopangwa. Mtazamaji aliyekuja kutazama ngumi amejikuta akishangilia mpango.

Sababu ya pili ni vitu vyenyewe vya zama hizo. Katika filamu za siku hizi muuaji hupatikana kwa kompyuta, kwa kamera za barabarani au kwa vipimo vya maabara. Mtazamaji hana la kufanya ila kuamini. Katika London ya Victoria hakuna simu ya mkononi wala kompyuta. Kuna matope kwenye viatu, jivu la tumbaku, kamba iliyokatwa, mwandiko na harufu. Hivi ni vitu ambavyo mtu wa sokoni Mpondwe anavijua. Anaweza kushindana na mpelelezi kwa kuwa wote wawili wana macho, pua na akili tu.

Sababu ya tatu ni hofu ya uchawi. Adui wa filamu ya kwanza, Lord Blackwood, ananyongwa na Watson anathibitisha kifo chake. Baadaye kaburi lake linakutwa limevunjwa, na watu wanaamini kwamba amefufuka kwa nguvu za giza. Nguvu yake yote inatokana na hofu hiyo. Holmes habishani na imani ya watu. Anatafuta namna jambo lilivyofanyika. Mwishoni tunaelezwa kwamba jiwe la kaburi lilikuwa limevunjwa mapema, likaunganishwa kwa mchanganyiko wa yai na asali ambao mvua iliuosha. Kifo nacho kilikuwa cha kuigiza, kwa msaada wa sumu ya mmea. Pale ambapo uvumi wa uchawi unaweza kumponza jirani asiye na hatia, somo hili si la mchezo.

Enzi ya Victoria haiko mbali nasi

Mtu anaweza kuuliza, London ya kale inamhusu nini mtu wa Bwera? Jibu limo katika ramani. Mwaka 1889, miaka miwili tu baada ya Holmes kuchapishwa mara ya kwanza, Henry Morton Stanley alipita chini ya milima ya Rwenzori na kufika kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Ndiye aliyelipa Ziwa Edward jina la mwana wa Malkia Victoria. Wengi wa watu wa msafara wake walitoka Zanzibar, nao walizungumza Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kando ya ziwa hilo katika enzi ile ile ambayo filamu hizi zinaigiza.

Pambano la mwisho la filamu ya kwanza linatokea juu ya daraja la Tower Bridge likiwa bado linajengwa. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1894, mwaka huo huo Uganda ilipotangazwa kuwa nchi lindwa ya Uingereza. Conan Doyle mwenyewe aliandika mwaka 1909 kitabu cha kulaani ukatili uliofanywa katika Kongo ya Mfalme Leopold, yaani nchi inayoanza ng'ambo ya Mto Lhubiriha, hatua chache kutoka Mpondwe. Filamu haituonyeshi mambo haya. Mwalimu anaweza kuyaonyesha.

Bwana Msa alitangulia

Fasihi ya Kiswahili haikuingoja sinema ya Marekani ili impate mpelelezi wa aina hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akamleta Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Athari ya Holmes na Watson inaonekana wazi, lakini watu, mitaa na mazungumzo ni ya Kizanzibari. Humo pia maiti inakutwa mahali panapoogopwa, kwenye mzimu, na ni juu ya mpelelezi kutenganisha hofu ya watu na kazi ya muuaji.

Bwana Msa ni mtu wa hoja zaidi kuliko ngumi. Ngumi na bastola zilishika nafasi kubwa baadaye, hasa kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Tukiziweka riwaya hizo mbili pamoja, tunaona kwamba filamu ya Ritchie imeunganisha mambo ambayo Kiswahili kilikuwa nayo tayari katika mikono miwili tofauti. Mwanafunzi aliyependa filamu hiyo yuko hatua moja tu kutoka kwenye rafu ya vitabu vyetu.

Sarufi ya mpelelezi

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapoingia. Kazi ya mpelelezi ni kutoka kwenye -me- kwenda kwenye -li-. Kiambishi -me- hueleza hali iliyopo mbele ya macho: jiwe limevunjika, taa imezimwa, mtu ametoweka. Kiambishi -li- hueleza lililotokea: nani alilivunja, lini, kwa nini. Katikati ya hivyo viwili pana kazi ya kufikiri, na Kiswahili kina vifaa vyake.

Swali la kwanza ni la kauli ya kitenzi. Jiwe limevunjika au limevunjwa? Kauli ya kutendeka haimtaji mtendaji. Kauli ya kutendwa inakiri kwamba yupo, hata kama hajajulikana. Anayesema kaburi limevunjika anaweza kuamini kwamba limejivunja lenyewe. Anayesema limevunjwa ameshaanza kumtafuta mtu.

Kisha huja maneno ya kukisia: huenda, yawezekana, haiwezekani. Baada yake huja masharti: lau muuaji angalitumia mkono wa kulia, jeraha lingalikuwa upande wa kushoto. Wanafunzi wengi hukariri -nge- na -ngali- kwa ajili ya mtihani bila kuona zinafanya kazi gani. Mpelelezi huzitumia kuondoa yasiyowezekana. Mwishoni huja kiambishi -ka-, cha kupanga matukio: aliingia, akafungua, akachukua, akatoka. Na linapofichuka lililojificha, Kiswahili kina neno moja linalotosha: kumbe! Neno hilo hata msemaji wa Luganda analo.

Tukio la ulingoni tulilolitaja linafaa sana darasani. Likionyeshwa mara ya kwanza, wanafunzi wasimulie kwa -ta-: atarusha leso, atazuia. Likirudiwa, wasimulie kwa -ka-: akarusha, akazuia. Dakika chache za picha kwenye simu zinatosha.

Asiye na picha anaweza kutunga kisa cha hapa hapa. Tuseme gunia la kahawa limetoweka usiku katika stoo ya Bwera. Kufuli halijaguswa. Sakafuni pana matope, na mvua haijanyesha wiki nzima. Mwenye stoo anasema ni uchawi. Darasa lijibu: matope yametoka wapi? Nani ana ufunguo? Lau mwizi angalipita barabarani, viatu vyake vingalikuwa na nini? Wanafunzi wataanza kubishana, na wakibishana watakuwa wanatumia sarufi tuliyokuwa tukiwabembeleza waitumie.

Hitimisho

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sheria haibadilishi kumbukumbu. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwa watu wenye bunduki, na mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Kiswahili cha namna hiyo ni simama, kaa chini, toa kitambulisho. Ni lugha isiyosubiri hoja.

Mpelelezi hutuonyesha Kiswahili kingine: kinachouliza kabla ya kushika, kinachopima ushahidi kabla ya kutaja jina la mtu. Bwera inakihitaji Kiswahili hicho, kwa kuwa iko mpakani, na wafanyabiashara wa upande wa Kasindi huvuka nacho kila siku ya soko. Vijana wetu wanazipenda filamu hizi kwa sababu ya ngumi, na hapana ubaya. Kazi ya mwalimu ni kuwangoja pale filamu inapokwisha, awaulize kwa Kiswahili: mlijuaje kwamba ni yeye?