Anna Pavlova na Baleti Iliyopanda Meli

Katika historia ya baleti, yaani ngoma ya jukwaani iliyolelewa katika kasri za wafalme wa Ulaya na ambayo kwayo mchezaji husimulia kisa kizima kwa mwili wake bila kutamka neno, Anna Pavlova husifiwa zaidi kwa ustadi wake, ilhali jambo kubwa zaidi alilolifanya ni kuitoa ngoma hiyo katika kumbi za watawala na kuwapelekea watu ambao hawakuwahi kuiona.

Alizaliwa Saint Petersburg mwaka 1881, mtoto wa mwanamke mfua nguo, na mwaka 1891 alipokewa katika Shule ya Baleti ya Kifalme, ambako mwili wake haukulingana na kipimo cha enzi hizo. Wachezaji waliotukuzwa wakati huo, hasa wale waliotoka Italia, walikuwa na misuli iliyokazana iliyowawezesha kuzunguka mara nyingi kwa mfululizo, naye alikuwa mwembamba, mwenye vifundo laini na nyayo zilizopinda mno, kiasi kwamba kusimama juu ya ncha za vidole, ambako ndiko msingi wa baleti ya wanawake, kulimwelemea. Mwalimu wake Pavel Gerdt alimwelekeza asihangaike na mbinu za kisarakasi bali autumie wepesi wake, na Pavlova mwenyewe akaviimarisha viatu vyake kwa kuvitia ngozi ngumu kwenye soli, jambo ambalo baadhi ya watu waliliona kuwa ni udanganyifu, ingawa viatu vya baleti vya leo vimefuata njia iyo hiyo.

Alihitimu mwaka 1899, akaingia katika jumba la maonyesho la Mariinsky mjini humo, na kufikia 1906 alikuwa amepanda hadi cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa kike. Katika miaka hiyo mtunzi wa ngoma Mikhail Fokine alimtungia ngoma ya batamaji anayekufa, kwa muziki wa Mfaransa Camille Saint-Saëns, ambayo huchukua dakika chache tu na haina miruko wala mizunguko ya kustaajabisha, kwa kuwa mchezaji huteleza kwa hatua ndogondogo za haraka huku mikono yake ikipiga kama mbawa zinazoishiwa nguvu, hadi anapojikunja sakafuni. Uchache huo wa mbinu ndio uliompa Pavlova nafasi ya kumwonyesha mtazamaji kifo chenyewe.

Baada ya kucheza Paris mwaka 1909 na kundi la baleti la Sergei Diaghilev, aliachana nalo, akanunua nyumba London mwaka 1912 na kuunda kundi lake, ambalo alisafiri nalo hadi Amerika Kusini, Japani, India, Misri, Afrika Kusini na Australia. Wako waliomlaumu kwamba muziki wake ulikuwa mwepesi na ladha yake ya kizamani, na lawama hiyo ina ukweli, lakini haimtendei haki, maana ilitolewa na watu waliozungukwa na majumba ya maonyesho, wakati yeye alikuwa akicheza Lima, huko Amerika Kusini, mwaka 1917 mbele ya mvulana aitwaye Frederick Ashton, ambaye baadaye aliijenga baleti ya Uingereza. Inasikitisha kwamba wengi leo wanalijua jina lake kwa sababu tu ya kitindamlo cha ute wa mayai kilichopewa jina hilo.

India ndiko urithi wake ulikozama zaidi. Mwaka 1923 alishirikiana London na mwanafunzi wa uchoraji kutoka India, Uday Shankar, katika ngoma ya Radha na Krishna, miungu ya Kihindu, kisha akamhimiza azitafute ngoma za kwao badala ya kuiga za Ulaya. Ushauri kama huo alimpa Rukmini Devi, mwanamke wa India aliyetaka kujifunza baleti, naye akageukia ngoma ya wanawake wa mahekalu ya kusini mwa India, ambayo wakati huo ilidharauliwa na tabaka lake mwenyewe na ambayo leo hujulikana kama bharatanatyam.

Pavlova alifariki The Hague tarehe 23 Januari 1931 kwa uvimbe wa utando wa mapafu, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 50. Kalakshetra, shule ya ngoma ambayo Rukmini Devi aliianzisha Madras mwaka 1936, hakuiona, na hadi leo wanafunzi wanafundishwa humo.