Land Rover 109 Isiuzwe kwa Kilo

Wazazi wetu hapa Usukuma hawahitaji kuelezwa Land Rover 109 ni gari gani. Ndilo lililomleta bwana shamba wa pamba, mganga wa chanjo, mkuu wa wilaya na, siku mbaya, askari waliokuja kumtafuta mtu. Siku hizi yamebaki machache, na mengi kati ya hayo yamesimama juu ya matofali nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Moja nililikuta Samuye, Shinyanga Vijijini, na safari yangu ikachelewa kwa ajili yake. Si kwamba linang'aa. Rangi imepauka na kioo kimoja hakipo. Lakini halijachokonolewa: injini yake ya petroli ya lita 2.25 ipo, gia boksi ni yake, hata hendeli ya kuwashia kwa mkono bado imo ndani. Gari la umri huo likiwa na vitu vyake vyote ni adimu kweli.

Namba 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kama sentimita 277. Ndugu yake mfupi ni 88. Kuhusu umri, usianze na kadi ya gari, maana kadi hupotea. Anza na uso. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Mwaka 1958 ikaja Series II, yenye ubavu uliobinuka kidogo chini ya madirisha, kisha IIA mwaka 1961, kisha Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ukiona taa kubwa mbili zimekaa katikati, ndani ya grili, jua ni gari la kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, kwa sababu baada ya hapo taa zilihamishiwa kwenye madigadi ili kutimiza sheria za taa za nchi kadhaa. Ukiona grili ya plastiki na saa ya spidi mbele ya dereva, hiyo ni Series III. Gari la Samuye lina taa ndani ya grili ya waya, na saa zake ziko katikati ya dashibodi, mahali panapofaa usukani ukiwekwa kulia au kushoto. Basi ni Series II, au IIA ya mwanzo.

Sasa tafuta sumaku. Hata ya spika mbovu inatosha. Iweke juu ya digadi la mbele: inaanguka. Iweke kwenye ukuta wa chuma uliopo kati ya injini na miguu ya dereva: inashika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iligawa chuma kwa mgao, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilipatikana. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, akaichagua kwa bodi. Ndiyo maana bodi hizi haziliwi na kutu, na ndiyo maana watu hudanganyika. Chesisi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Maji na tope vikiingia, linaoza kwa ndani huku nje likionekana zima. Ligonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Angalia pia pale alumini inapogusana na chuma, kwani unyevu ukikaa hapo alumini hugeuka unga mweupe. Ukavu wa Shinyanga umeyasaidia magari haya kuliko hewa ya chumvi ya Tanga au Dar es Salaam. Adui wa huku ni tope jeusi la mbuga, lile linalong'ang'ania chini ya gari na kukaukia hapo miezi.

Mbugani humo ndimo vijiti viwili vifupi pembeni mwa gia vilimopata kazi. Chenye kichwa cha manjano ukikibonyeza chini, magurudumu yote manne yanavuta. Chekundu ukikivuta nyuma, gari linaingia gia nzito na magurudumu manne kwa pamoja. Dereva wa zamani alivijua bila kuvitazama.

Alumini iliyoyaokoa magari haya ndiyo inayoyamaliza leo. Mnunuzi wa skrepa anaijua bei yake, analipima gari kwa kilo, na milango iliyopita Tinde na Kahama ikiwa mizima inaishia kwenye kalibu ya sufuria. Simlaumu; anayemuuzia naye ana ada ya shule. Ninachopinga ni kuuza bila kujua unachouza.

Kuhusu kubadilisha injini, mafundi wengi huweka ya Toyota kwa sababu spea zipo na mafuta hayaliwi sana. Gari linalotembea, hata kwa injini ya kuazima, nalipenda kuliko lililokufa. Ila fundi asikate chesisi wala kuichomelea ovyo, na injini ya zamani isitupwe. Ihifadhi, hata chini ya mwembe ikifunikwa turubai. Kilichofungwa kwa nati kinafunguka, kilichokatwa hakirudi.

Land Rover iliyotimiza idadi ya milioni moja ilitoka kiwandani mwaka 1976, kwa hiyo jina peke yake halifanyi gari kuwa adimu. Nyingine ziliunganishwa Thika, Kenya. Uadimu unatokana na uhalisi, na uhalisi huthibitishwa kwa namba.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei na mtu yeyote, futa tope kwenye ncha ya mbele ya chesisi, upande wa kulia, pale springi inapofungwa. Namba imepigwa hapo. Ilinganishe na ile ya kibati cha ndani, ipige picha, na uiweke mahali salama. Makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, hutunza kumbukumbu za kiwandani na kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipotengenezwa, rangi yake ya kwanza na mahali lilikopelekwa. Gari lenye cheti hicho halipimwi kwa kilo.