Vita Kuu ya Kwanza: Soma Masharti Kabla ya Kukariri Pande

Mwanafunzi anayeanza kusoma Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huandikiwa safu mbili ubaoni: huku Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia, kule Ufaransa, Urusi na Uingereza. Anakariri, anafaulu jaribio. Akiendelea na kitabu anaikuta Italia, mwaka 1915, ikipigana na Austria. Anachanganyikiwa, na ana haki, kwa sababu alipewa majina bila masharti.

Ushirika ambao Italia iliingia mwaka 1882 ulikuwa wa kujihami. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimuua kwa risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Austria iliilaumu Serbia kwa mauaji hayo, na mwezi mmoja baadaye ndiyo iliyoitangazia vita. Kwa kuwa mwenzake hakushambuliwa bali alishambulia, Italia ikakaa kando. Kisha upande wa pili ukaiahidi ardhi ya Austria, ikahamia huko.

Huko nako hapakuwa na mkataba mmoja. Ufaransa na Urusi zilikuwa na ushirika wa kijeshi tangu 1894. Uingereza ilipatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907, lakini hayo yalikuwa zaidi mambo ya kugawana ushawishi Misri, Moroko na Uajemi, hayakuilazimisha kupigana. Hoja yake rasmi ya kuingia vitani ilikuwa mkataba wa 1839, uliodhamini kwamba Ubelgiji isifungamane na upande wowote. Ujerumani ilitaka kuimaliza Ufaransa upesi kabla Urusi haijakusanya majeshi yake, na njia iliyoichagua ilipita Ubelgiji. Ilivuka mpaka tarehe 4 Agosti, na siku hiyohiyo Uingereza ikatangaza vita. (Wapo wanaosema ingeingia tu, mkataba au bila mkataba. Naona wana hoja.)

Ubelgiji, basi, haimo katika safu yoyote ubaoni, na kwetu ndiyo ya kutazamwa zaidi. Fungua ramani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki: kaskazini Waingereza, kusini-magharibi Waingereza tena, magharibi Kongo ya Wabelgiji, kusini Msumbiji ya Wareno, walioingia vitani mwaka 1916. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango wa makoloni haya kubaki nje ya vita. Haukusaidia kitu: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga.

Wabelgiji, ambao nchi yao karibu yote ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, walijibu kutokea Kongo. Mwaka 1916 askari Waafrika wa Force Publique, jeshi la koloni hilo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, walipita Rwanda na Burundi, na Septemba wakaingia Tabora. Nyuma yao, kama ilivyokuwa kwa kila jeshi katika vita hivi, walitembea wapagazi na risasi na chakula vichwani. Wapagazi walikufa wengi kuliko askari, hasa kwa maradhi na njaa, na mikataba ya Ulaya hakuna aliyewasomea.

Vita vilipokwisha Tabora haikubaki kwa Wabelgiji bali iliishia kwa Waingereza. Rwanda na Burundi walipewa Wabelgiji, wakazitawala hadi Julai 1962.