Nzi wa Matunda na Jeni za Umbo: Tatizo la Jina na la Istilahi

Mkulima wa maembe wa Mutomo, kusini mwa Kitui, anapotaja nzi wa matunda humkusudia adui: mdudu atobaye embe lingali mtini na kutaga ndani yake mayai ambayo mabuu yake huliozesha. Mdudu huyo, Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Kwa ajili ya nzi wa jinsi hiyo Kenya ilijisitishia yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya mwaka 2014, ukarejea 2021. Mwanabiolojia naye, akitamka jina lilo hilo, aghalabu humkusudia Drosophila melanogaster, kijidudu cha milimita tatu hivi kifuatacho tunda lililokwisha kuchacha. Mfasiri asiyewatenga wawili hawa atamfanya msomaji wa Mutomo adhani kuwa wataalamu wanafuga mharibifu wa shamba lake. Basi huyu wa pili na aitwe nzi-chachu.

Kwa nzi-chachu ndipo ilipojulikana jinsi yai lisilo na sura linavyopata kichwa, kifua na tumbo. Mama huweka katika ncha ya mbele ya yai ujumbe wa jeni iitwayo bicoid. Protini itokanayo na ujumbe huo huwa nyingi mbele, ikipungua kuelekea nyuma, na wingi wake huamua ni jeni zipi ziamke wapi. Hunchback na Krüppel hugawa kiinitete katika maeneo mapana. Kisha even-skipped hujitokeza kwa mistari saba, na hatimaye pingili hupatikana, mithili ya zile za muwa. Mstari wa pili wa even-skipped unastahili kutazamwa kwa makini. Protini za bicoid na hunchback huuamsha. Ile ya giant huunyamazisha upande wa mbele, na ya Krüppel upande wa nyuma. Mstari hubaki katika upenyo mwembamba ulio katikati.

Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walitangaza uchunguzi wao wa jeni za pingili mwaka 1980. Edward B. Lewis alikwisha kuonyesha, 1978, kuwa jeni nyingine huipa kila pingili tabia yake: Ultrabithorax ikiharibika, nzi mwenye mabawa mawili aweza kuzaliwa na manne. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Majina yenyewe ni mtego. Hunchback maana yake kibiongo, na Krüppel ni kilema. Lakini jeni hupewa jina la kasoro itokeayo inapoharibika. Kuyafasiri kungemfanya mwanafunzi aamini kuwa jeni nzima huleta kilema, hali kazi yake ni kinyume cha hayo. Afadhali yaachwe yalivyo.

Lipo pia neno udhibiti. Hudhibitiwa magendo na bei. Neno lina harufu ya kuzuia, nalo latosha nusu tu ya kazi inayoelezwa. Urekebishaji nao wadokeza kitu kilichokwisha kuharibika. Uratibu wafaa zaidi, mradi vitenzi vyake viwili visisahauliwe: jeni huamshwa hapa, hunyamazishwa pale, na hata nzi wa embe wa Mutomo hupata pingili zake kwa uratibu wa namna hiyo.