Kamera Bila Jicho Makini

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na usemi huo wawahusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Mwaka 2010 watafiti nchini Poland walichapisha matokeo ya watu 45,026 waliochunguzwa na madaktari 186. Wale waliohudumiwa na madaktari waliogundua vinyama vinavyoweza kugeuka saratani kwa watu chini ya 20 katika kila 100, ndio waliokabiliwa zaidi na saratani hiyo baadaye. Utumbo usiosafishwa vyema huvificha. Kamera ikitolewa kwa pupa, chini ya dakika 6, vingi hupita.

Basi, ndugu msomaji, muulize daktari wako huvigundua mara ngapi. Hospitali nazo ziweke hesabu hizo wazi, kwani faraja ya uongo humfanya mgonjwa apuuze dalili.